Farasi wa Minecraft: mbio anazo, breki ndiyo shida

Farasi wangu wa kwanza nilimpa jina la Shemeji, maana alinikubali shingo upande. Nilimpanda akanitupa, nikampanda akanitupa, mara ya tano mioyo ikachomoza juu ya kichwa chake, tukapatana. Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyenirudisha kwenye gemu hili la Minecraft baada ya miaka mingi, alikuwa pembeni anacheka: "Mjomba, si ungempa tufaha kwanza?" Kweli, ukimlisha anafugika upesi. Ila mimi ni wa kizazi cha 2013, farasi walipoingia kwa mara ya kwanza na toleo la 1.6, na nilitaka kuona kama wamepata adabu tangu enzi hizo.

Wamepata, kiasi. Nacheza toleo la Java, la kompyuta, na hukumu yangu ni hii: akienda mbele farasi huyu ni raha tupu. Kusimama, kurudi nyuma na kungoja ndiko kunakomshinda.

Nianze na tandiko, maana hapo ndipo nilipofurahi kabla hata sijapanda. Zamani tandiko lilikuwa la kuokota. Unapekua masanduku ya kwenye mapango, au unavua samaki ukiomba Mungu linase kwenye ndoana. Tangu toleo la 1.21.6, lililotoka Juni 2025, unalitengeneza mwenyewe kwa ngozi 3 na mche 1 wa chuma. Kwa anayeanza huu ni ukombozi. Bila tandiko unaruhusiwa kukaa mgongoni, lakini anayeamua mnakwenda wapi ni yeye.

Kisha mbio. Nilipima njia ya bloku 100 (bloku ni vile vipande vya mraba vinavyojenga dunia yote ya gemu), mwenge huku na mwenge kule, nikashika saa ya simu. Kwa miguu, nikikimbia, ilinichukua karibu sekunde 18. Punda wa porini, 13 na kitu. Shemeji, 10. Hapo tayari ni mnyama wa maana, kwa sababu farasi hawalingani: goigoi kuliko wote hafiki bloku 5 kwa sekunde, yaani wewe mwenyewe ukikimbia unamwacha, na aliyebarikiwa anakaribia 14 na nusu. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Rangi haisemi lolote. Mpwa wangu anaapa kwamba weusi ndio wenye mbio, nami nimechoka kubishana naye.

Basi nikaingia kwenye kupandisha. Karoti ya dhahabu kwa huyu, karoti ya dhahabu kwa yule, unasubiri mtoto akue, unampima, unaanza upya. Kazi hii zamani ilikuwa ya kukatisha tamaa, kwani watoto walikuwa wakivutwa kuelekea wastani hata wazazi wakiwa wazuri namna gani. Toleo la 1.19.4, la Machi 2023, lilirekebisha hilo, na sasa mtoto anaweza kuwapita wazazi wake. Baada ya vizazi sita nikampata Umeme: bloku 100 kwa sekunde 7 na nusu. Nilijiona sultani.

Umeme aliishi siku mbili. Nilitoka naye uwandani nikaingia msituni bila kupunguza mwendo, nikaona ufa wa ardhi ukiwa umeshafika miguuni. Kosa langu kabisa. Lakini ndipo nilipoelewa ninachokisema kuhusu breki. Farasi hufuata macho yako, unakotazama ndiko anakogeuka, na kwa kona pana hilo ni tamu mno. Ila ukibonyeza kurudi nyuma, anatambaa kwa robo ya kasi yake, na kwenda upande ni nusu. Kwa hiyo pembeni mwa genge kurudi nyuma si dawa. Dawa ni kugeuza kichwa chote nyuzi 180 na kuondoka kwa mbele, na hilo linataka nafasi ambayo msituni huna. Pia anapanda bloku 1 bila kuruka, uzuri mtupu mlimani, lakini majani ya miti yanayoning'inia chini yanamsimamisha kama ukuta wa mawe.

Tangu siku hiyo nimerudi kwa Shemeji, na sijutii. Mbio zake zinatosha macho yangu, na anaruka bloku 4, jambo ambalo Umeme hakuliweza.

Kuruka kwenyewe kuna ufundi ambao hakuna aliyenifundisha. Unashikilia kitufe cha nafasi, mstari wa nguvu kwenye skrini unajaa, unaachia, anaruka. Wengi wanadhani ukizidi kushikilia unapata zaidi. Hapana! Mstari unajaa kwa kama nusu sekunde, na ukichelewa unaanza kushuka. Nilikaa jioni nzima mbele ya ukuta wa bloku 4 nikihesabu kimoyomoyo "moja-na" na kuachia. Mara kumi za mwanzo Shemeji aligonga kifua. Ya kumi na moja akavuka, kwato zikapita juu ya ukingo, tukatua upande wa pili bila jeraha, nami nikapiga kelele usiku wa manane kama mwehu.

Sasa lile linaloniudhi hasa. Ukishuka, farasi wako anaondoka. Ana tandiko, ana jina, amekula karoti zako za dhahabu, lakini ukigeuka kuchimba makaa ya mawe anaanza kutembea zake kama mgeni asiyejua kaja kwa nani. Lazima utembee na kamba na nguzo ya uzio, umfunge kila kituo. Gemu lenye kila aina ya mitambo lingeshindwa nini kutupa filimbi ya kumwita? Au basi tu asimame pale akiwa na tandiko. Nami ningeacha kulalamika.

Wengine nitawapitia haraka. Ngamia, aliyekuja na toleo la 1.20 Juni 2023, ana mambo mawili makubwa: anabeba watu wawili, na mgongo wake uko juu kiasi kwamba zombi wanabaki kupapasa miguu yake. Anapita hata juu ya uzio. Ubaya wake ni kuamua kukaa chini wakati wowote anaotaka, na kunyanyuka kwake ni sherehe. Ghast mpole, dude kubwa linaloelea, anaruka angani na abiria wanne, polepole. Mpwa wangu anampenda, mimi nasinzia.

Kilichobadilisha safari zangu kuliko vyote hivi ni barabara. Nimekata njia ya bloku 3 kwa upana kutoka nyumbani hadi kijijini, matawi yote yamefyekwa hadi bloku 4 juu, nguzo moja ya uzio kila mwisho. Zizi nalo nimeliwekea lango la bloku 2, maana farasi hapiti kwenye mlango wa bloku 1. Safari iliyokuwa ya kusukumana na miti sasa naimaliza kabla chai haijapoa.

Farasi nawapa 7 kwa 10. Siku watakapojifunza kungoja, nitaongeza 2.

Shemeji yuko nje, kafungwa kwenye nguzo yake. Nimekuta deraya yake ya ngozi imepakwa rangi ya waridi. Sikuulizwa.