Kioo cha mbele kinachopindisha barabara: gari nyota nne, huduma ya waranti nyota moja

Gari lenyewe nalipenda jamani, injini imetulia, siti nzuri, breki zinashika, sina neno nalo. Shida ni kioo cha mbele. Nimelichukua jipya kabisa na siku ya tatu tu nikaanza kuona ule mstari mweupe wa barabarani ukifika karibu na nguzo ya gari inayoshika kioo upande wangu unajikunja kama nyoka, nikisogeza kichwa unanyooka, nikirudisha unajikunja tena. Usiku ndo balaa, taa za gari linalokuja naziona mbili mbili, moja kali na nyingine hafifu imeipandia juu. Nikadhani ni macho, nikaenda kupima, nikaambiwa macho yako mazima. Kila safari ikizidi saa moja kichwa kinagonga, lakini nikiendesha gari la kaka yangu wala hakiumi.

Nikarudi kwa walioniuzia. Yule meneja wa huduma akakaa kwenye siti ya dereva dakika mbili hivi, gari limeegeshwa ndani ya jengo linatazama ukuta mweupe mtupu, akashuka akaniambia mbona kiko sawa tu bosi, vioo vya siku hizi vimelala sana ndo vilivyo, utazoea. Hilo neno utazoea ndo limenifanya niandike haya yote. Mtu anavuka barabara na mtoto mkononi, mimi niliyeshika usukani namwona kahamia pembeni ya alipo, halafu niambiwe nizoee?

Nikaanza kusoma. Kumbe kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyobanana na katikati kuna utando wa plastiki unaitwa PVB, ndo maana kikipasuka hakimwagiki. Ili kipate ule mpindo wake kinapashwa moto mpaka kinalegea, sasa joto likiwa haliko sawa au vile vipande viwili visipopinda sawasawa, yanabaki mawimbi. Na kioo kikilala sana unakitazama kwa mshazari, kwa hiyo kasoro ndogo inakuzwa. Meneja hakudanganya moja kwa moja, pembezoni kabisa kupinda kidogo kunavumiliwa. Ila kuna mpaka. Kanuni namba 43 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, inapima kupinda huku kwa dakika za nyuzi (nyuzi moja ya pembe ina dakika 60), na kwa magari madogo ya abiria lile eneo la mbele ya macho ya dereva kikomo ni dakika 2, eneo pana linalolizunguka ni dakika 6. Marekani wana kiwango chao FMVSS 205. Angalia kona ya chini ya kioo chako, utakuta herufi E kwenye duara na 43R (hiyo ya Umoja wa Mataifa), au DOT na AS1 (hiyo ya Marekani), piga picha hiyo chapa. Lakini chapa inakwambia aina hiyo ya kioo ilipasishwa, haikwambii kwamba hiki cha kwako kilitoka vizuri kiwandani. Na kama gari lako linaonyesha spidi kwenye kioo, PVB yake inakuwa na unene unaopungua kidogo kidogo makusudi, ukifungiwa kioo cha kawaida namba zitajirudia, hapo tatizo ni kioo kisicho chake.

Kwenye haki zako sasa, watu wengi wanakwama kwenye kijitabu cha waranti. Waranti nyingi zinakataa kioo kilichopigwa na jiwe, sawa, ila kasoro ya kiwandani ni jambo lingine, soma maneno yenyewe usikubali kusomewa kaunta. Halafu waranti sio mwisho wa habari. Nchi nyingi sheria ya mauziano inamtaka muuzaji akupe kitu kinachofaa kwa kazi yake, na hilo unamdai aliyekuuzia, asikurushe kwa kiwanda. Uingereza kwa sheria yao ya 2015 una siku 30 za kurudisha kitu chenye kasoro urudishiwe hela, zikipita wana nafasi moja ya kurekebisha, wakishindwa unarudisha au unapunguziwa bei. Umoja wa Ulaya muuzaji anawajibika angalau miaka 2. Marekani kila jimbo lina ile wanayoita sheria ya limau (limau kwao ni gari lenye kasoro), Connecticut ndo walianza 1982, wakijaribu kutengeneza mara kadhaa wakashindwa wanabadilisha gari au wanarudisha hela, na kuna sheria ya shirikisho ya 1975 ya waranti ambayo ukishinda unaweza kulipiwa hata wakili. Sheria ya nchi yako inaweza kuwa na majina mengine, ila tarehe za mwisho karibu kila mahali zipo, na zinaanza kuhesabika mapema kuliko unavyofikiri, ndo maana kupoteza miezi mitatu "ukizoea" ni hasara kubwa.

Kilichonisaidia mimi ni ushahidi. Niliegesha mbele ya ukuta wa vigae, simu usawa wa jicho langu kwenye siti, nikarekodi video nikiisogeza taratibu kushoto kulia, ile mistari ya vigae ikawa inacheza kama maji. Nikafanya hivyo hivyo kwenye gari lingine la modeli ileile, mistari ikatulia tuli. (Vua miwani ya jua ya polaraizi, ile inayokata mng'ao, inaleta madoa kwenye vioo vya pembeni na hiyo sio kasoro.) Nikamlipa fundi wa vioo asiyehusiana nao akaandika ripoti. Kila nilipopeleka gari nilidai malalamiko yaandikwe kwa maneno yangu, tarehe na kilomita, maana mara ya kwanza waliandika "mteja anauliza kuhusu kioo". Nauliza? Nilikuwa nalalamika! Na usikimbilie kubadilisha kioo mwenyewe au kupitia bima, bima kwa kawaida hailipi kasoro ya kiwandani na kioo kikishatupwa ushahidi umeenda nacho.

Nikaandika barua, video na ripoti zikaambatana, nikawapa siku 14. Siku ya 11 wakanipigia. Kioo cha pili kikaja na wimbi palepale ila dogo, nikakataa kusaini kwamba nimeridhika, cha tatu kiko safi. Ila walitaka kunikabidhi gari bila kupanga upya ile kamera iliyoko nyuma ya kioo, inayosoma mistari ya barabara na kusaidia kufunga breki, mpaka nilipouliza mimi. Kioo kikibadilishwa hiyo kamera inatakiwa ipimwe upya, uliza na upewe karatasi yake.

Jana usiku nimeendesha saa mbili mfululizo, taa moja naiona moja, kichwa kimya. Hela ya ripoti ya fundi wamekataa kunirudishia, kwa hiyo Jumatatu napeleka fomu mahakama ya madai madogo, huko sihitaji wakili.