Balsamiq mbele ya mteja: inapofaa na inapokwama

Mteja akioneshwa skrini iliyokwisha kupakwa rangi, huanza kujadili rangi. Balsamiq, programu ya kuchora rasimu za skrini za mfumo kabla haujajengwa, iliyoingia sokoni mwaka 2008, inalikwepa tatizo hilo kwa makusudi: mistari imepindapinda kama ya mkono, na karibu kila kitu ni cheusi, cheupe au kijivu. Chukua mfumo wa maombi ya likizo: karani anayeyashughulikia haoni haya kusema, "Hapa hamjaweka nusu siku." Kwa kukusanya mahitaji ya mfumo wa ofisini, sifa hiyo pekee inatosha kuichagua.

Pia ni nyepesi kiasi cha kuchora kikao kikiendelea. Unaandika herufi za mwanzo za kitu unachotaka, kitufe au jedwali, nacho kinatokea. Jedwali hujazwa kwa maneno yaliyotenganishwa kwa koma. Jaza data halisi: jina refu kuliko yote katika orodha ya wafanyakazi, ombi lisilo na tarehe ya kurudi. Data za kubuni hupendeza, na kasoro hujificha humo humo. Kisha unganisha skrini tano au sita, umkabidhi kipanya yule anayejaza fomu kila siku, si mkuu wake, apitishe ombi moja toka mwanzo hadi mwisho, nawe unyamaze. Anapositasita pana hitaji ambalo halijaandikwa.

Udhaifu wake si mdogo. Haikokotoi, haihifadhi data, wala haijui nani aruhusiwe kuona nini. Kubofya "Idhinisha" kunafungua skrini inayofuata tu, kwa hiyo kila ombi huonekana limekubaliwa. Msimamizi akiwa likizo, nani anaidhinisha? Anayeomba siku 10 huku amebakiwa na 7 ajibiwe nini? Yasipoulizwa mapema, maswali haya huibuka kwenye majaribio ya mfumo uliokwisha kujengwa, wakati ambapo kubadili kanuni moja kunagusa hifadhidata na ripoti pia. Kila skrini basi iambatane na jedwali la kanuni: sehemu gani ni ya lazima, nani anaiona, nani anaibadilisha, kikomo chake ni kipi. Saini ya mteja iwekwe hapo, isiishie kwenye mchoro.

Mwonekano wa mistari iliyonyooka upo, ila usiutumie mapema. Mteja hudhani mfumo umekaribia kwisha, akaanza kudai tarehe ya kukabidhiwa.

Kwa mteja aliye mbali, toa PDF, maana viungo kati ya skrini huendelea kufanya kazi. Tatizo ni kwamba maoni ya maandishi hayaoneshi alisitasita wapi, kwa hiyo mpigie simu akiwa ameifungua.