Fast & Furious, ya kwanza hadi ya kumi: uzoefu wangu

Kwa raha ya magari, ngumi na milipuko, sijaona mfululizo unaoufikia huu. Ni filamu kumi, kuanzia 2001 hadi 2023, pamoja na ile ya pembeni ya Hobbs na Shaw ya 2019. Stelingi hafi, gari haligomi kuwaka, na kila filamu inataka kuipiku iliyotangulia. Naupenda kwa hayo hayo.

Kinachowaharibia wengi ni mpangilio. Usifuate miaka zilipotoka. Tokyo Drift ilitoka ya tatu, 2006, lakini matukio yake yanakuja baada ya ya sita, kwa hiyo anayefuata miaka anamwona mhusika Han akifa kisha anamkuta mzima kwenye ya nne. Angalia 1, 2, 4, 5, 6, ndipo Tokyo Drift, halafu 7 hadi 10. Ya sita ikiisha na majina yakaanza kupita, zima. Kipande kinachofuata hapo kinaonyesha aliyesababisha ajali ya Tokyo. Kiangalie ukishamaliza Tokyo Drift, kitakuuma inavyotakiwa.

Mwenye haraka aanze na ya tano, ya 2011. Hadithi iko Rio, ingawa sehemu kubwa ya mbio za mwisho ilipigwa Puerto Rico. Gari mbili nyeusi, Dodge Charger, zinaling'oa sefu la polisi ukutani na kulikokota mitaani kwa nyaya. Tazama kona: magari yakishapita, sefu linachelewa, linajipeleka pembeni na kufagia kila kilichoegeshwa. Kwa hesabu za kawaida, Charger mbili haziwezi kuvuta mzigo ule kwa mwendo ule. Lakini waliopiga picha walitumia masefu ya kutengenezwa yaliyokokotwa kweli, na jingine lilikuwa ganda lililofunika gari lenye dereva ndani. Ndiyo maana jicho linakubali: magari yanayopondwa pale ni bati halisi.

Hicho ndicho kipimo changu kwa zote. Ya saba walidondosha magari ya kweli kutoka kwenye ndege, huku warukaji wa miavuli wakipiga picha kwa kamera za kwenye helmeti, na moyo unaruka nayo. Ya nne ndiyo iliyopoa kuliko zote, kwa sababu mbio za kwenye mahandaki ya mpakani zina giza na zimejaa picha za kompyuta. Ya tisa inapeleka gari angani kabisa, nje ya dunia. Hiyo usiiangalie peke yako. Jaza sebule, watu wapige kelele, ndipo inanoga. Na ile ndege ya kwenye ya sita inakimbia ardhini kiasi cha dakika 13: hata kwa kilomita 130 kwa saa, uwanja ungehitaji karibu kilomita 28. Piga hesabu hiyo baadaye. Wakati wa kutazama, shangilia.

Mpenda injini asiiruke ya kwanza. Toyota Supra ya rangi ya chungwa inatumia injini ya 2JZ, ndugu wa 1JZ iliyomo kwenye baadhi ya Mark II tunazopishana nazo Dar kila siku. Kwenye Tokyo Drift, mvuvi anayemcheka kijana anayejifunza kudrifti, yaani kupita kona gari likiteleza kwa ubavu, ni Keiichi Tsuchiya mwenyewe, bingwa wa kudrifti wa Japani.

Upande wa runinga, zima ile mipangilio inayolainisha mwendo wa picha. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. Runinga ikichomeka nyingine katikati, mbio zinageuka kuwa kama tamthilia. Spika za runinga nyingi hazina besi, kwa hiyo unganisha sabufa, la sivyo Charger italia kama bodaboda. Maneno yakisikika kwa mbali huku injini zikipasua masikio, mara nyingi ni sauti ya spika sita inayobanwa kwenye spika mbili, chagua stereo.

Zilizotafsiriwa na ma-DJ zinachekesha kweli, na kwa Hobbs na Shaw nazipendekeza, maana pale matusi ya kutaniana ndiyo nusu ya utamu. Kwa ya tano tafuta ya sauti ya asili. DJ akianza kusimulia sefu linapong'oka, nyaya hutazisikia zikikaza.