Makumbusho ya Karen Blixen: Pa Kuuliza Jina la Mtaa wa Karen

Akitajiwa Karen, mkazi wa Nairobi hufikiria viwanja vipana, nyua za michongoma na miti mirefu, wala si wengi wanaokumbuka kwamba hadi mwaka 1931 sehemu kubwa ya mtaa huo ilikuwa shamba la kahawa. Kwa anayetaka kujua mtaa ulivyopata jina hilo, sioni mahali pa kuanzia panapoyashinda Makumbusho ya Karen Blixen.

Nyumba yenyewe ilijengwa mwaka 1912 na Åke Sjögren, mhandisi kutoka Uswidi, na mwaka 1917 wakahamia humo walowezi wawili, Karen Blixen wa Denmark na mumewe Bror. Ni nyumba ya mawe isiyo na ghorofa, yenye paa la vigae na baraza inayoelekea milima ya Ngong. Fanicha nyingine ni za Karen Blixen mwenyewe na nyingine zimetafutwa zifanane na zake. Mgeni amwombe mwongozaji amwonyeshe zipi ni zipi.

Kuhusu jina, kuna maelezo mawili, na yote yanastahili kusikilizwa. Wengi husema mtaa umeitwa kwa jina la bibi huyo, na yeye mwenyewe aliamini hivyo. Lakini shamba lilimilikiwa na Karen Coffee Company, kampuni iliyoongozwa na mjomba wake, Aage Westenholz, ambaye alikuwa na binti aitwaye Karen vilevile, na inasemekana kampuni ilipewa jina la binti huyo. Mimi naona kampuni ndiyo iliyolifikisha jina kwenye ramani, kwa kuwa ardhi iliyokuja kukatwa viwanja na kuuzwa ilikuwa mali yake.

Kwa sababu hiyo, sehemu ninayoithamini zaidi iko nje, kwenye mitambo mikuukuu ya kahawa iliyobaki katika uwanja. Mgeni akisimama mbele ya vyuma hivyo anaelewa upesi kwamba hapa palikuwa mahali pa kazi, na swali linalofuata ni kazi hiyo ilifanywa na nani. Familia za Wakikuyu ziliishi shambani kama maskwota, yaani wakazi wasiomiliki ardhi waliyoishi, na sheria ya mwaka 1918 iliwataka watu wa hali yao wamfanyie mwenye shamba kazi kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kahawa haikustawi, kwa kuwa shamba lilikuwa kwenye mwinuko wa juu mno kwa zao hilo, na kampuni ilipouza ardhi familia hizo zilitakiwa kuondoka. Blixen alizipigania zisitawanywe, hata serikali ya kikoloni ikazitengea sehemu ya msitu wa Dagoretti. Habari hii ni ya lazima kwa yeyote anayeulizia jina la Karen, na ningependa kila mgeni aiulize.

Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hii wakati wa uhuru, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Napendekeza ziara hii kwa moyo wote, hasa kwa walimu wa historia na wanafunzi wao. Kiingilio hutofautiana kati ya raia na wageni, hivyo beba kitambulisho, na ukifika anzia kwenye mitambo kabla ya kuingia vyumbani.