CNRTL: hazina ya bure kwa anayefuatilia asili ya neno "exil"

Tovuti ya CNRTL, inayosimamiwa na watafiti wa Nancy nchini Ufaransa, inamfungulia msomaji bila malipo kamusi kubwa ya Kifaransa, Trésor de la langue française, iliyochapishwa kwa juzuu 16 kati ya 1971 na 1994. Kwa mtu anayetaka kujua neno exil, yaani uhamisho, limetoka wapi, sioni mahali bora pa kuanzia.

Utamu uko katika sehemu ya etimolojia. Neno la Kilatini exsilium, lililotokana na exsul, mtu aliyeondoshwa kwao, lilipopita midomoni mwa watu kwa karne nyingi liligeuka kuwa essil katika Kifaransa cha kale, na likabeba pia maana ya dhiki na maangamizi, hata kitenzi essillier kikatumika kwa jeshi linaloteketeza nchi. Umbo la leo lilirekebishwa baadaye kwa kufuata Kilatini. Ukibofya mara mbili neno lolote ndani ya maelezo, ukurasa wake hufunguka papo hapo, na hilo humsaidia sana mgeni wa Kifaransa. Vifupisho, hata hivyo, vimesongamana mno.

Ukitoka nje ya Kifaransa, utahitaji msaada mwingine. Kamusi ya mtandaoni ya Real Academia Española, taasisi ya lugha ya Kihispania, ambayo pia ni ya bure, inataja tu kwamba exilio limetoka kwenye exilium. Nasikitika, kwa sababu Wahispania walizoea zaidi kusema destierro, linalotokana na tierra, ardhi, na exilio lilishika kasi hasa baada ya 1939, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha na mamia ya maelfu wakakimbilia Ufaransa. Kiitaliano kina esilio na esule. Kireno kina exílio na desterro.

Kwa upande wa sheria ya Roma, fungua kamusi ya Kilatini ya Lewis na Short iliyomo katika tovuti ya Perseus, kwenye kitenzi relego, yaani kumpeleka mtu mbali. Mshairi wa Kirumi Ovidius, aliyepelekwa Tomis mwaka 8 BK, mji ambao leo ni Constanța nchini Romania, alisisitiza kwamba yeye ni relegatus, aliyepelekwa mbali tu, wala si exsul, kwa kuwa hakunyang'anywa uraia wala mali, na kamusi hiyo inaeleza vizuri tofauti ya adhabu hizo mbili.