Niligombana na watu wa intaneti bure, kumbe feni imejaa sufi

Mwezi mzima nimewapigia simu watu wa intaneti mpaka sauti zao nimezizoea. Kifurushi changu cha nyumbani ni megabiti 20 kwa sekunde (sawa na megabaiti 2.5 tu, hilo nalo niliwahi kulilalamikia kwa kutojua), lakini kikao cha video kikifika dakika ya kumi, picha inaganda na sauti ndiyo kama tunavyoitwa watu wa Tanga: waja leo, waondoka leo.

Aliyenishtua ni shemeji yangu. Alikuta kompyuta inavuma kama cherehani, akaweka kiganja chini yake, akakitoa mbio. "Shemeji, hii imefunguliwa lini mara ya mwisho?" Haijawahi, mwaka wa nne huu. Nakaa Ngamiani, dirisha langu linatazama barabara ya vumbi, na kazi nyingi nafanyia kitandani, godoro limeziba matundu ya hewa.

Fundi alitaka shilingi 25,000, kusafisha pamoja na pesti mpya, ile inayopakwa juu ya prosesa (ubongo wa kompyuta) kupitisha joto. Sikukubali kuiacha, nilivuta stuli nikakaa kutazama. Mbele ya feni, kwenye vile vipezi vya chuma panapotokea hewa ya moto, vumbi lilikuwa limetandikana kama sufi iliyochomolewa kwenye mto. Kwa unyevu huu wa bahari linanata, akasema, kupuliza peke yake hakulitoi. Alitumia brashi kwanza. Kilichonipa imani naye ni kwamba alichomoa betri, kisha akaizuia feni kwa kijiti kabla ya kuwasha blowa. Ikiachiwa izunguke kwa upepo ule inaweza kuharibika. Pesti ya zamani ilikuwa imekauka kama chokaa; akaifuta kwa spiriti, akaweka tone jipya.

Saa moja aliyoniahidi ikawa tatu na nusu, tena nyumbani nikakuta skurubu moja ya chini haipo. Hapo namkata alama.

Sasa mashine imetulia, kikao cha saa nzima kinaisha salama. Prosesa ikipata moto sana hujipunguzia kasi isiungue, ndiyo maana video ilikuwa ikikwama hata data inapofika. Ila msije mkasema kusafisha vumbi kunaongeza kasi ya intaneti: nilipopima tena chumbani, nikapata megabiti 6 zilezile za zamani. Simu pembeni ya ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, inasoma 19. Nyumba yetu ni ya kizamani, kuta nene za mawe zinazozuia mawimbi, na ruta nilikuwa nimeificha nyuma ya kabati la vyombo isionekane na wageni. Nikaitundika juu ya mlango wa ukumbini. Chumbani sasa 15, kwa gharama ya msumari mmoja.

Watu wa intaneti sijawapigia tena, naona haya. Skurubu yangu naifuata Jumamosi.