Fundi wa Maweni na pikipiki mpya inayojizima

Pikipiki mpya ikianza kujizima njiani, aliyekuuzia atakwambia, "Bado mpya hiyo, itazoea." Mimi nimeambiwa hivyo dukani nilikoinunua, kwa upole, tena nikapewa kiti na maji baridi, kisha nikarudi barabarani na tatizo lile lile. Kwa hiyo namwandikia sifa fundi wa Maweni hapa Malindi, yule ambaye gereji yake haina kibao, ni mwembe mmoja na banda la makuti, na ambaye alinitibia chombo changu bila kubadilisha kipuri hata kimoja.

Kazi yangu ni samaki. Nafuata Ngomeni alfajiri, napakia kwenye boksi la barafu nyuma ya kiti, napita Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, Mambrui, daraja la Sabaki, hadi sokoni Malindi. Anayefanya biashara hii anajua kwamba kusimama njiani si usumbufu tu. Changu na nguru hawangoji, na barafu ikiyeyuka mteja wa hoteli anabonyeza samaki kwa kidole, anaangalia jicho, anakata bei. Pikipiki ni ya sisi (cc) 150, ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, na ilikuwa inazimika nikipunguza mwendo penye matuta ya Mambrui, halafu inazimika tena katikati ya barabara nyeupe ikiwa na mafuta tele.

Fundi hakugusa spana. Aliniuliza kwanza, "Mwanangu, inazima ukiwa umesimama au ukiwa mbioni?" Nikamwambia kote kote. "Basi hizo ni shida mbili. Nieleze moja moja." Mafundi wengi niliowahi kuwaendea wanakimbilia kufungua plagi kabla hujamaliza salamu. Huyu alitaka kujua ikizima inakata mara moja au inapungua nguvu kwanza. Ikikata mara moja, alisema, atatafuta kwenye umeme: kepu ya plagi iliyolegea, waya wa betri, au ile swichi ya stendi ya pembeni ambayo kwenye pikipiki nyingi za siku hizi huzima injini stendi ikiwa imeshuka na gia imeingia. Kwenye barabara ya mashimo springi ikilegea, stendi inaruka kidogo tu na injini imekwenda. Lakini ikikohoa na kulemaa kabla ya kuzima, hapo injini inakosa mafuta au inakosa hewa. Yangu ilikuwa ikilemaa.

Hata hivyo aliikagua ile swichi, akatingisha nyaya za betri, akafungua plagi na kunionyesha ncha yake. Ilikuwa na rangi ya kahawia. Ingekuwa nyeusi ya masizi, alisema, mafuta yanazidi. Ingekuwa nyeupe, hewa inazidi. Akairudisha. Hapo fundi mwingine angeniuzia plagi mpya, nami ningelipa.

Shida ya kwanza, ile ya kuzima ukiachia resi, ilikuwa kwenye kabureta. Aliweka chupa ya maji iliyokatwa chini ya kabureta, akalegeza skrubu ya kumwagia, petroli ikashuka. Akaiinua chupa kwenye jua akaniita nitazame. Chini kabisa kulikuwa na matone mawili matatu ya maji yanayotembea peke yake, hayachanganyiki na petroli, kwa kuwa maji ni mazito na hulala chini. Na pembeni ya kikombe cha kabureta palikuwa na utando wa njano unaonata. Akanieleza utando huo unatoka wapi: pikipiki huja kwenye makreti, zikaunganishwa, zikajaribiwa kwa petroli kidogo, kisha zikakaa stoo hadi zipate mnunuzi. Petroli inakauka ndani ya kabureta na kuacha gundi, na gundi hiyo inapenda kuziba ile jeti ndogo inayolisha injini ukiwa hujavuta resi. Tundu lake ni jembamba mno, unalitazama juani ndipo unaona mwanga. Kwa hiyo chombo kinaweza kuwa kipya cha kung'aa na kabureta lake limeshazeeka.

Tundu hilo la jeti alilipuliza kwa kompresa, hakulichokonoa kwa waya, kwa sababu waya unalipanua tundu na ukishalipanua mchanganyiko hauwi sawa tena. Kisha akaiwasha injini akaiacha ipate joto sawasawa kabla ya kugusa skrubu ya resi. Nilipomwuliza kwa nini tusiharakishe, alisema ukiirekebisha ikiwa baridi, ikipata moto itakuwa inapiga kelele bure. Pikipiki nyingi za ukubwa huu hutakiwa kuzunguka karibu mara 1,400 kwa dakika zikiwa zimesimama. Yangu haina mshale wa kuonyesha hesabu hiyo, lakini aliisikiliza, akazungusha kidogo kwa bisibisi, akawasha taa, akakanyaga breki, akageuza usukani kulia na kushoto kuona kama waya wa resi unavutika. Haikuyumba.

Sasa ile ya pili, ambayo kwangu ndiyo iliyokuwa na hatari. Fikiria uko juu ya daraja la Sabaki, nyuma yako lori la chumvi, na injini inakufa mikononi. Ukingoja kidogo inawaka, unakwenda, inakufa tena mbele. Dukani walisema nimetia mafuta machafu. Fundi aliuliza swali moja: "Inapozima, umewahi kufungua kifuniko cha tangi?" Sikuwahi, na hakuna aliyewahi kuniambia. Akanituma nitoke nayo hadi ng'ambo ya Sabaki nikirudi, na ikizima nisipige kiki wala stata, nifungue kifuniko nisikilize. Ilizima kabla sijafika darajani. Nikafungua kifuniko, na hewa ikaingia ndani ya tangi kwa mlio mrefu, fyuuu. Nikabonyeza stata, ikawaka papo hapo.

Kumbe pikipiki ya kabureta kama yangu haina pampu. Petroli inashuka kwa uzito wake tu, na kila inaposhuka lazima hewa iingie juu kushika nafasi. Fundi alinielezea kwa dafu: ukilitoboa tundu moja ukaliinamisha, maji yanatoka kwa kusitasita kisha yanagoma, mpaka utoboe la pili. Kwenye kifuniko cha tangi lipo tundu la hewa, na langu lilizibwa. Pikipiki zetu zikitoka dukani zinapelekwa kuvalishwa, kava ya tangi yenye nyuzi, stika, vioo. Na aliyeivalisha yangu alikuwa ameweka kipande cha mpira chini ya kifuniko ili mvua isiingie. Nia njema kabisa. Mvua za masika huku zinapiga kweli na maji kwenye tangi ni balaa lake. Ila mpira ule uliziba tundu. Tangi likiwa limejaa shida ilikuja mapema, likipungua ilichelewa zaidi, maana hewa iliyonaswa juu ikiwa kidogo huvutika haraka.

Aliutoa mpira, akalisafisha tundu kwa uzi mmoja wa waya wa klachi, akapuliza, akaniambia nipulize na mimi kwa mdomo nisikie hewa ikipita. Tangu siku hiyo samaki wangu wanafika wagumu.

Jambo lililonifanya nimwamini zaidi ni alilokataa kufanya. Nilimwomba aangalie na valvu, kwa kuwa nimesikia valvu zikibana injini nayo huzima ikipata moto. Akasema ni kweli, na injini mpya inastahili kupimwa valvu kwenye sevisi ya kwanza, lakini kuna dhamana, na yeye akifungua kifuniko cha injini dukani watapata kisingizio. "Nenda uwaambie wapime mbele yako, na oili wamwage yote." Nikaenda. Walipima. Fundi anayekurudisha kwa mwenzake ili haki yako isipotee, huyo mshike.

Yasiyonipendeza nayo niyataje. Foleni ni ndefu na hakuna utaratibu. Bodaboda wanaomfahamu wanapenyeza zao mbele, naye hawakatazi. Simu hapokei akiwa kazini. Risiti hatoi, na kwa mtu anayeweka hesabu za biashara au anayehitaji karatasi ya kuonyesha dukani, hilo ni pungufu kubwa, nimemwambia na bado. Vipuri haweki; ukihitaji jeti au mpira wa mafuta utatumwa mwenyewe mjini, na atakukumbusha uchukue kile cha zamani ukalinganishe kwenye kaunta. Kivuli kinahama, kwa hiyo kuanzia adhuhuri unasubiri juani.

Bei tulipatana kabla hajashika kitu: shilingi 500 kwa yote, kabureta na kile kifuniko, na hakuongeza hata baada ya mimi kurudi kutoka Sabaki. Naona ni halali na zaidi.

Ukimwendea, usimwambie "inazima" ukanyamaza. Njoo umeshaangalia: ni injini ikiwa baridi au moto, tangi limejaa au liko nusu, umeachia resi au umevuta, na ukifungua kifuniko kunatokea nini. Kama unaweza, mwachie petroli kidogo tu tangini, kazi inakuwa rahisi. Anaanza baada ya alfajiri, anafunga magharibi. Ijumaa anasimama mchana kwa swala na kurudi kwake hakuna saa maalumu, kwa hiyo siku hiyo mwahi asubuhi.